Ndugu yako yuko wodi ya akili ya kufungiwa Uingereza: wewe msaada wako uutafute wapi, hospitali, kaunsili au kwa watu wetu?

Mdogo wangu anaingia mwaka wa tano sasa kwenye wodi ya akili ya milango ya kufunga, huku England, ile ya ulinzi wa kati ambayo wenyewe tunaiita midiamu. Hakwenda mwenyewe, mahakama ndo ilimpeleka. Mimi ndo dada mkubwa, mama yuko Tanga, baba alishatangulia, kwa hiyo simu zote za wodini zinakuja kwangu na maswali yote ya nyumbani nayo yanakuja kwangu. Miaka miwili ya kwanza sikuwa na msaada wowote, na msaada ulikuwepo, ila sikujua kwamba na mimi nahesabika kuwa mtu wa kusaidiwa. Naandika hii kwa ajili ya dada, kaka, mama au mke wa mtu ambaye sa hivi yuko pale nilipokuwa mimi, ana saa moja tu ya nafasi kwa wiki na hajui aipeleke wapi.

Njia ziko 3 kwa ujumla. Kuna kikundi cha familia kinachoendeshwa na hospitali yenyewe. Kuna msaada wa nje ya hospitali, yaani kaunsili, serikali ya mtaa, pamoja na mashirika ya walezi. Alafu kuna watu wetu, ukoo, marafiki, msikiti au kanisa, grupu la WhatsApp. Nimezipitia zote, nyingine kwa machozi, kwa hiyo nitazilinganisha kwa yale mambo ambayo kweli yanatubana, utaona mwenyewe ipi ikufae kwanza.

Ila tuanze na neno lenyewe maana lilinipotezea mwaka mzima. Barua ya kwanza ya hospitali iliniita kea. Sasa sisi Wabongo na Wakenya wa huku tunajua kea ni nani, kea ni mimi ninapovaa yunifomu alfajiri naenda kuogesha bibi wa watu kwenye nyumba ya wazee, ni kazi, ina rota na ina mshahara. Niliposoma kwamba kuna kikundi cha makea nikadhani ni mambo ya mafunzo kazini, nikaiweka barua kwenye droo pamoja na bili za umeme. Kwa mdogo wangu mimi si kea, mimi ni dada yake, nani kwetu anajiita mlezi wa ndugu yake mtu mzima mwenye ndevu? Lakini kwa sheria yao, Care Act ya 2014, kea ni mtu mzima yeyote anayemsaidia mtu mzima mwenzake au anayekusudia kumsaidia, na msaada unaohesabika si kupika na kuogesha tu, hata kumtuliza kwenye simu saa 5 usiku unahesabika. Hilo neno "anayekusudia" lishike vizuri, tutalirudia kwenye mambo ya hela.

Kujua kinachoendelea wodini

Hapa kikundi cha hospitali kinaongoza kwa mbali.

Kinachomaliza ndugu wa mgonjwa wa mahakama ni lile giza. Unapiga simu wodini unaambiwa samahani hatuwezi kukwambia chochote, hajatoa ruhusa. Na mdogo wangu kweli hakutoa, alikuwa anaumwa sana miezi ile, aliamini mimi ndo nimemuuza kwa polisi. Kwa hiyo miezi 7 nilikuwa napiga, najitambulisha, nasubiri, najibiwa vilevile, nakata simu nalia kwenye gari kabla ya kuingia shifti.

Kwenye kikundi nikakutana na mama mmoja wa Kijamaika, mwanawe yuko ndani miaka 9, akanikalisha akanifundisha. Siri ya mgonjwa inamzuia nesi kusema, haimzuii kusikia. Unaweza ukampigia ukamwambia kila unachokijua kuhusu mgonjwa wako, dawa ipi ilimdhuru zamani, akianza kuumwa huwa anaanzaje, mdogo wangu kwa mfano anaanza kwa kuacha kula chochote ambacho hajakifungua mwenyewe, na wao wanaweza kukusikiliza na kuandika bila kuvunja siri ya mtu. Yale ya jumla nayo hayahitaji ruhusa, yaani wodi inaendeshwaje, saa za kutembelea, daktari mkuu ni nani, skizofrenia ni ugonjwa gani, sekshen aliyopewa, yaani kifungu cha sheria kinachomshikilia, ina maana gani. Na ruhusa yenyewe haiombwi mara moja ikaisha, mwambie nesi amuulize tena siku akiwa na hali nzuri, tena anaweza kutoa ya nusu. Mdogo wangu alitoa ya nusu: niambiwe kama anakula, kama analala na kama anameza dawa, nisiambiwe anayoongea na mwanasaikolojia. Nusu hiyo ilinirudishia usingizi.

Alafu lipo lile swali la miaka. Nyumbani kila mtu anauliza hilohilo, amefungwa miaka mingapi? Nilikuwa sina jibu, nikawa natunga. Kwenye kikundi ndo nikaelewa kwamba jaji wa mahakama kuu za huku akimpa mtu sekshen 37 anampeleka hospitali badala ya jela, akiongezea 41 anaweka kizuizi juu yake, na hicho kizuizi hakina tarehe ya mwisho. Hata kwenda dukani nje ya eneo la hospitali nusu saa, tena na nesi pembeni, daktari lazima apate idhini ya Wizara ya Sheria. Kuachiwa ni mpaka wizara ikubali au tribunali, lile baraza huru linalosikiliza kesi za walioshikiliwa, iamue, na mgonjwa mwenyewe ndo mwenye haki ya kuomba tribunali, mara moja kati ya mwezi wa 6 na wa 12, baada ya hapo mara moja kila mwaka. Sasa umwambie mama yako hayo kwa simu ya WhatsApp inayokatakata.

Na kuna mtego mmoja unaoumiza familia nyingi za kwetu. Mtu anasikia kwamba sheria ya afya ya akili ya 1983 inampa ndugu wa karibu uwezo wa kudai mgonjwa atolewe, anakimbilia kuandika barua. Uwezo huo upo kweli kwa ndugu wa mtu aliyeko kwenye sekshen 3, yaani aliyelazwa kwa lazima bila kupitia mahakama. Kwa mwenye 41 haupo kabisa, hata uwe mama mzazi. Mimi niliandika barua 3 kabla mtu hajaniambia.

Mashirika ya nje hapa yanashika nafasi ya pili, na si vibaya. Rethink Mental Illness wanaijua sheria yote hii na wanaieleza kwa lugha ya mtu wa kawaida. Nawapenda kwa asili yao pia, maana lilianzishwa na familia zenyewe: mwaka 1970 baba mmoja, John Pringle, aliandika kwenye gazeti la The Times jinsi familia ya mgonjwa wa skizofrenia inavyoachwa peke yake, watu wenye shida kama yake wakajitokeza, na mwaka 1972 likazaliwa shirika ambalo leo ndo hilo. Ila wao hawajui kama mdogo wako jana amelala. Kaunsili nao hawajui. Watu wetu ndo kabisa, wao hawajui ila wanasema, na hapo ndo utasikia kwamba anapigwa sindano za kumfanya zezeta, kwamba huko wanafanyiwa majaribio, na mama anashinda na njaa kwa neno la mtu ambaye hajawahi hata kufika kwenye lile geti.

Ukiwa na lalamiko

Hapa mizani inageuka kidogo.

Mama alikuja mara moja kututembelea. Alibeba visheti kwenye lile bati la biskuti, alivikaanga mwenyewe usiku wa kuamkia safari, vimezungushiwa gazeti ndani ili visivunjike. Tulipofika mapokezi tukaweka simu, funguo na mikanda kwenye kabati, tukapita mlango wa kwanza ukafunga ndo wa pili ukafungua, na bati likabaki kaunta, chakula cha kupikwa nyumbani hakiingii. Sheria ni sheria, lakini hakuna aliyekuwa ametwambia kabla, na mama alisimama pale ameshika kifuniko mkononi kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Tulipokaa na mdogo wangu mama akaanza kuongea naye Kiswahili, angeongea nini kingine, nesi aliyekaa pembeni akasema tuongee Kiingereza. Mama hajui Kiingereza. Wakakaa saa nzima wameshikana mikono bila kuongea, mimi katikati natafsiri salamu.

Nilipoeleza hili kwenye kikundi, kiongozi wa walezi wa hospitali, yaani mfanyakazi wao anayeshughulikia familia, alikuwepo, aliandika, na ziara iliyofuata tuliruhusiwa Kiswahili kwa kupanga kabla, wakaweka mkalimani kwenye simu ya spika. Visheti havikuruhusiwa, ila tukapewa orodha ya vinavyoruhusiwa, mama akachagua tende za pakiti. Kwa lalamiko la namna hiyo kikundi cha hospitali kinafaa sana, maana mwenye ufunguo yuko chumba hichohicho.

Lakini kuna siku walimhamishia wodi nyingine nikajua baada ya wiki 2, na hilo sikuweza kulisema pale. Chai ni yao, kiti ni chao, na mdogo wangu yuko ghorofani kwao. Hata ukiambiwa mara mia kwamba sema tu hakuna ubaya, moyo unakwambia nyamaza wasije wakamchukia mtoto. Sijawahi kuona wamemwadhibu mtu kwa sababu ndugu yake kalalamika, nasema ukweli, ila hofu haisubiri ushahidi. Kwa hilo nilipiga simu shirika la nje, wakanisaidia kupanga barua, nani aandikiwe na kwa utaratibu gani. Kwa hiyo jambo dogo la kila siku peleka kikundini, jambo zito tafuta mtu ambaye halipwi na hospitali ile.

Watu wetu kwenye malalamiko wanakusikiliza kwa moyo na wanakasirika pamoja na wewe. Inasaidia usiku huo. Asubuhi barua bado haijaandikwa.

Hela, nauli na kazi

Huku ndo watu wengi wanapotea, na ndo kaunsili na mashirika ya walezi yanapokuwa chaguo la kwanza.

Anza na lile la kukatisha tamaa. Posho ya walezi, Carer's Allowance, karibu haiwezi kukufikia ndugu yako akiwa wodi ya kufungiwa. Inadai umhudumie masaa 35 kwa wiki, alafu yeye mwenyewe awe anapokea malipo ya ulemavu kama PIP, na PIP inasimama akishakaa hospitali ya serikali siku 28. Ikisimama yake na yako inasimama. Watu wameendelea kupokea bila kujua, baadae wanadaiwa zirudi, kwa hiyo kama ulikuwa unapata na ndugu yako amelazwa piga simu leo.

Kinachobaki ni tathmini ya mlezi. Kaunsili wanalazimika kukufanyia kwa hiyo Care Act ukionekana una mahitaji, hawaangalii una kipato gani wala unahudumia masaa mangapi. Ukipiga simu kuna uwezekano mtu wa mapokezi akakujibu kwamba mgonjwa wako yuko hospitali kwa hiyo wewe si kea. Mimi nilijibiwa hivyohivyo. Hapo ndo unalitoa lile neno: nakusudia kumhudumia akitoka, na sa hivi namsaidia kihisia, vyote viko kwenye sheria. Sema kwa upole urudie. Na kaunsili ya kupigia kwa kawaida ni ya mahali alipokuwa anaishi yeye kabla ya kulazwa, si lazima ya kwako wewe.

Mwanamke aliyekuja kunifanyia alinikalisha saa moja na nusu. Hakuuliza habari za mdogo wangu zaidi ya dakika 10. Aliuliza nalala saa ngapi, nakula nini, watoto wangu wanajua nini kuhusu mjomba wao, mara ya mwisho nilikaa na rafiki lini. Nilikuwa nimejiandaa na karatasi za sekshen na barua za daktari, nimezipanga kabisa mezani, hakuzigusa. Nilipata kiasi kidogo cha hela mara moja, nikalipia masomo ya kuogelea, mi na binti yangu, Jumamosi asubuhi, na nikaunganishwa na kituo cha walezi cha mji wetu ambako kuna mtu wa kuongea naye kila baada ya wiki 2. Kiasi chenyewe si cha kutajirisha mtu. Ila ilikuwa mara ya kwanza ofisi yoyote ya nchi hii kuniuliza mimi hali yangu.

Nauli ni habari tofauti, hapo muulize sosho waka wa wodi, yaani afisa ustawi wa jamii, hospitali nyingine zina mfuko wa kusaidia familia zinazotoka mbali na huwa hawautangazi. Ule mpango wa NHS, huduma ya afya ya serikali, wa kurudisha nauli usikuchanganye, ni wa mgonjwa mwenyewe, wa ndugu anayekwenda kutembelea haumo.

Kwa walioajiriwa kuna kitu kimeanza tarehe 6 Aprili 2024, likizo ya walezi, wiki moja kwa mwaka, haina malipo lakini ni haki yako tangu siku ya kwanza kazini na unaweza kuichukua nusu siku nusu siku. Mimi naitumia kwa vile vikao vikubwa vya kupitia matibabu vinavyofanyika kila baada ya miezi 6 hivi. Zamani nilikuwa naomba ruhusa ya uongo, nasema naumwa meno.

Kikundi cha hospitali kwenye hela hakina cha kukupa zaidi ya kukwambia nani wa kumuuliza. Na watu wetu? Hili naomba niliseme kwa uchungu kidogo. Sisi ni wakarimu, mtu akifa huku mchango wa kusafirisha mwili unatimia ndani ya siku chache, harusi usiseme. Lakini mtu akiwa wodi ya akili ya mahakama hakuna anayefungua daftari. Sijawahi kuona mchango wa nauli ya kwenda kumtembelea mgonjwa wa akili. Si kwamba hawana roho nzuri, ni aibu, na wewe mwenyewe mwenye mgonjwa ndo wa kwanza kuficha, mimi nilisema mdogo wangu yuko Scotland kikazi. Miaka miwili yuko Scotland kikazi.

Lugha, siri na ule usiku

Mkalimani unapewa bure kwenye NHS, dai, na usikubali mtoto wa miaka 12 apewe kazi ya kumtafsiria bibi yake ugonjwa wa mjomba. Ila mkalimani anahitaji kuandaliwa. Kikao cha kwanza ambacho mama aliunganishwa kwa simu kutoka Tanga, daktari alieleza vizuri kabisa, kwa heshima, mkalimani naye akaitoa kwa neno moja: kichaa. Kwamba mwanao ni kichaa. Upande wa pili pakawa kimya, nikasikia jogoo wa jirani anawika na mama hasemi kitu. Tangu siku hiyo kabla ya kikao naomba dakika 5 na mkalimani, tunakubaliana: tutasema ugonjwa wa akili, tutasema anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, tutasema dawa za kutuliza sauti. Mashirika mengi ya nje mambo yao ni Kiingereza tu, kikundi cha hospitali pia Kiingereza, kwa hiyo kama aliyebeba mzigo kwenu ni mama asiyejua lugha, njia hizi mbili zitamfikia kupitia wewe, nawe utachoka.

Hapa ndo watu wetu hawana mpinzani. Shangazi yangu mmoja, yuko Leicester, ndo alikuwa anampigia mama kila Ijumaa baada ya swala na kumweleza wiki ilivyokwenda kwa Kisambaa kabisa, akicheka akilia, mambo ambayo hakuna mkalimani wa kuyaweza. Na saa 8 usiku ukishtuka na lile wazo kwamba pengine ungempeleka hospitali mapema yasingetokea, hupigi simu kaunsili.

Lakini chagua. Hili nimelilipia. Nilipomwambia mtu wa tatu, wa nne wakawa 40. Wakaja wa amerogwa, wa majini, wa kwamba tukimtoa huko tukampeleka kwa fulani Handeni atapona kwa siku 7, na mmoja alimpigia mdogo wangu wodini moja kwa moja akamwambia aache dawa. Alizikataa kwa wiki 3. Matembezi yake yakasimamishwa, na kuyarudisha ilichukua miezi. Kwa hiyo mimi nasema watu 2, wasizidi 3, wanaojua kukaa na neno. Kama ni mtu wa dini kumbuka hospitali za huku zina maimamu na wachungaji wao, ukimwomba imamu wa hospitali akaonane na ndugu yako umepata dua na utulivu kutoka kwa mtu ambaye hatamwambia aache vidonge.

Na jambo jingine ambalo halisemwi. Mara nyingine aliyeumizwa siku ile ya tukio lililompeleka mgonjwa mahakamani ni mtu wa nyumbani humohumo, baba, mke, mtoto. Unakuwa ndugu wa mgonjwa na ndugu wa majeruhi kwa wakati mmoja. Kikundi cha hospitali kina watu wa namna hiyo na wanaelewana bila kuelezana sana, ndo mahali pekee nilipoona mtu anasema nampenda mwanangu na namwogopa, na hakuna aliyeshtuka. Kwa watu wetu sentensi hiyo bado haina pa kukaa. Huku pia kuna ofisi inayowasiliana na walioumizwa, kama ni wewe uliza kwenye kikao, ina taratibu zake tofauti na za familia.

Umbali nao unaamua

Wa midiamu au ulinzi mdogo mara nyingi yupo ndani ya mkoa, unafikika. Ulinzi mkubwa kwa England nzima ni hospitali 3 tu, Broadmoor kule Berkshire iliyofunguliwa 1863, Rampton kule Nottinghamshire na Ashworth karibu na Liverpool, na wanawake wa ulinzi mkubwa wote wako Rampton. Unaishi Southampton mwanao yuko Ashworth, kikundi cha Jumanne jioni utakifikaje? Kwa mtu huyo kituo cha walezi cha mji wake ni chaguo bora kuliko kikundi, ila aulize kama hospitali ina kikao cha Zoom, wengi walianza wakati wa korona na baadhi wameendelea.

Wanaoniuliza kuhusu nyumbani, yaani Isanga pale Dodoma au wodi ya ulinzi ya Mathari Nairobi, siwezi kulinganisha sawasawa, huko ndugu ndo kila kitu, ndo nguo, ndo sabuni, ndo wa kuja kumpokea siku akiruhusiwa, na habari za waliopona wakabaki ndani kwa sababu hakuna aliyekuja kuwachukua zinajulikana. Ndo maana nalisukuma sana hili la msaada kwa familia. Ndugu akichoka akaacha kuja, kote kule mgonjwa ndo anayelipa.

Mimi ningeanzaje leo

Kama una mwezi wa kwanza, umechanganyikiwa na unafikika, nenda kikundi cha hospitali kabla ya vyote. Najua utaingia uone wazungu wamekaa na vikombe uone si pa kwako. Kwa mwaka ulioishia Machi 2023 hapa England watu weusi walioshikiliwa kwa sheria ya afya ya akili walikuwa 228 kwa kila watu 100,000, wazungu 64. Watoto wetu wamejaa wodini alafu viti vyetu kwenye kikundi vitupu. Kaa. Mara ya kwanza mimi sikufungua mdomo kabisa na hakuna aliyenilazimisha.

Kama umeshajua mambo ya wodi lakini mwili umekwisha, unalia kazini, watoto wanakuogopa, acha kikundi kwa muda, pigia kaunsili uombe tathmini. Kama uko mbali au una lalamiko zito, mashirika ya nje. Na kama ni mama ambaye hajui lugha, mtafutie yule shangazi wa Ijumaa kwanza, mengine utayabeba wewe taratibu.

Mimi sa hivi natumia zote 3 ila sikuanza nazo zote na usijaribu, ilinichukua mwaka na nusu kuzifikia. Ukipiga simu wodini kesho usiulize habari za mgonjwa, uliza maswali mawili tu, kiongozi wa walezi wa hospitali hii anaitwa nani, na familia zinakutana lini. Akisema hajui mwombe akuunganishe na sosho waka wa wodi, kata uandike jina lake na saa uliyopiga, alafu piga tena Jumatatu.